Namba Moja, Kati ya Wangapi

Kuna wazee kule upande wa Nyamira ambao hadi leo hawalijui jina langu la ubatizo, wananiita Namba Moja, na mgeni akisikia hivyo huniangalia kwa heshima akidhani labda nilikuwa bingwa wa kitu fulani, nami humwacha adhani, kwa sababu kumweleza ukweli ni kurudi siku ile, na siku ile sipendi kurudi bila sababu. Leo nitarudi kwa kuwa mmenichokoza wenyewe. Aibu yenyewe niliitengeneza kwa vidole vyangu kumi, juu ya taipu, nikiwa na akili timamu, na hakuna aliyenisukuma.

Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu. Mimi ni msichana wa Sironga, nimesomea kupiga taipu na hati mkato katika chuo kimoja mjini Kisii (nikisema chuo msifikirie majengo, vilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, taipu tisa, na mbili kati ya hizo hazikuwa na herufi zote). Kwa asiyejua, hati mkato ni ule mwandiko wa vijistari na vinukta ambao karani huutumia kunasa maneno ya mtu kwa kasi ile ile anayosema, halafu baadaye anakaa akayasoma na kuyapiga taipu. Unaandika sauti, si herufi. Mtu akilichungulia daftari lako anaona mikwaruzo tu, nami nilikuwa nafurahia sana jambo hilo, kwamba ninabeba maneno ya watu na hakuna anayeweza kuyasoma.

Nilipokuwa nikitafuta kazi ya maana, nilikaa kama mwaka mzima barazani kwa Bwana Salim, ambaye familia yake ilikuwa mjini pale tangu enzi za babu yake, akiuza karatasi, bahasha na wino, na nje ya duka akiwa na taipu moja ya kuwapigia watu barua za maombi. Mpigaji ndiye mimi. Basi kila anayetafuta kazi, awe mwalimu, awe dereva, awe mtu wa kulinda lango, alikuja kwangu na karatasi yake ya kalamu niipige vizuri, na mimi (niseme ukweli, nina ugonjwa wa kutaka kujua) nilizisoma zote mara mbili mbili, moja kwa ajili ya kupiga na moja kwa ajili yangu.

Nikagundua kitu. Wote waliandika namba. Mnajua kwetu mtoto akifunga shule hakuna anayemuuliza kama amefaulu. Anaulizwa, namba ngapi? Shangazi anauliza, jirani anauliza, mtu mliyekutana naye njiani akipeleka ng'ombe mtoni anasimamisha ng'ombe ili aulize. Kwa hiyo watu wazima wenye watoto wao walikuwa wakiniletea wasifu (sivii, kama mnavyoiita nyinyi) unaosema darasa la nne, namba sita kati ya thelathini na moja. Yuko mmoja aliyenisihi nimwandikie namba yake katika darasa la ubatizo. Nilimwandikia. Nikawa najiuliza, hivi huko maofisini wanazisoma kweli hizi namba, na wanafikiria nini?

Sasa njoo kwenye mtihani wangu. Kulikuwa na mitihani ya hati mkato ya ngazi mbalimbali, na asubuhi ile wenzangu wote walifanya ule wa maneno sitini kwa dakika, wakafunga kalamu zao wakaenda kula. Mimi nilikuwa nimejiandikisha kwa ule wa maneno mia, saa nane mchana, na katika wilaya nzima hakuna mwingine aliyejiandikisha. Ukumbi wa viti arobaini, mtahiniwa mmoja, na msimamizi, Mwalimu Mogaka, mzee wa miwani, ambaye hata hivyo alisimama mbele akasoma masharti yote kwa sauti kubwa, "Watahiniwa wote watulie, hakuna mtahiniwa atakayezungumza na mwenzake." Nikatulia. Sikuzungumza na mwenzangu. Alipoanza kunisomea yale maneno, mvua ya Kisii ya mchana ikashuka juu ya mabati, ikabidi ashuke kutoka jukwaani aje asimame karibu na dawati langu ndipo nimsikie.

Nilifaulu. Karatasi ya matokeo ilikuja kwa posta, imeandikwa Amefaulu, na muhuri. Haikuwa na namba.

Muda si mrefu tukasikia kiwanda kipya cha chai upande wa Nyamira kinataka karani wa taipu na hati mkato, mtu mmoja tu. Kazi hiyo niliitaka sana, na nitawaambia kwa nini. Baba yangu (sisi husema tata) alikuwa amechuma majani ya chai peke yake miaka yote niliyosoma ili nisishike kikapu, na alikuwa ameniambia wazi kwamba mvua za masika zikiisha na bado ninakaa barazani kwa mtu, nirudi nyumbani, kikapu changu kipo. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka tu, na mgongo wake niliuona.

Basi nikakaa nijipigie wasifu wangu mwenyewe, kwa Kiingereza safi, safu tatu: mtihani, matokeo, nafasi. Shule ya msingi, namba tatu kati ya arobaini na mbili. Sawa. Sekondari, namba tisa kati ya thelathini. Sawa. Nikafika kwenye hati mkato, mtihani mkubwa kuliko yote, na ile safu ya tatu ikawa tupu. Niliitazama sana. Mtu wa kulinda lango ana namba, mimi sina.

"Bwana Salim," nikasema, "mtu akifanya mtihani peke yake anakuwa namba ngapi?"

Alikuwa anahesabu bahasha. "Peke yake vipi, binti?"

"Peke yake kabisa. Ukumbi mzima."

Akafikiri, maana naye alipenda maswali ya namna hiyo. "Basi ni wa kwanza," akasema. "Na ni wa mwisho vilevile. Lakini hilo la pili usiliandike, utamaliza wino wangu bure."

Alikuwa anatania, na nilijua anatania. Nikapiga: Hati mkato, maneno mia kwa dakika, Amefaulu, nafasi ya 1, Wilaya ya Kisii. Kidole kikabaki hewani. Kwenye zile mbili za juu nilikuwa nimeandika kati ya ngapi, na hapa palikuwa panadai hivyo hivyo. Nikaitoa karatasi kwenye taipu vile vile ilivyo, nikaituma kiwandani. Nilijiambia si uongo, na kweli si uongo, mpaka leo ukinishtaki mahakamani nitashinda.

Kilichofuata sikukipanga. Mwenyekiti wa kamati ya wakulima wa kile kiwanda, Bwana Nyakundi, mtu wa mdomo mpana na moyo mpana, aliiona karatasi yangu, na badala ya kuiweka pamoja na nyingine akaenda nayo kanisani. Sabato ile nilisimamishwa mbele ya waumini. Akasema binti wa Sironga amekuwa wa kwanza wilaya nzima katika mtihani unaotoka ng'ambo, na akina mama wakapiga vigelegele, na mama yangu akalia. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, na watu wakasema tazameni alivyo na adabu.

Tata yeye hakupiga makofi. Si mtu wa sifa, sijawahi kumsikia akinisifu hata mara moja. Lakini jioni nilimkuta uani na rafiki yake aliyetoka Marani, anamwambia kwa sauti ya chini, taratibu, "Amewapita wote. Wa Suneka amewapita, na wenu wa Marani amewapita." Yule rafiki akatikisa kichwa kwa heshima. Sasa mimi ningefanya nini? Kwetu mtoto hamsahihishi baba yake mbele ya watu wa rika lake, ni aibu isiyosemeka, kwa hiyo nilinyamaza nikaweka chai mezani. Haya, lakini yule rafiki aliondoka. Tulibaki sisi wawili. Tata akaniuliza, "Kwani walikuwa wangapi?" na mimi nikacheka kidogo nikachukua vikombe nikaenda kuviosha. Hiyo haikuwa adabu tena, ulikuwa uoga mtupu, na kila kikombe nilikiosha mara tatu.

Barua ikaja, niende kwa mahojiano. Nikajua ni chumba, meza, watu wawili, maswali. Kufika kiwandani nakuta uwanja umejaa watu, viti, mabenchi, wengine wamekaa juu ya vikapu vyao. Bwana Nyakundi alikuwa ameamua kwamba kwa kuwa siku hiyo kuna mkutano wa wakulima, basi mahojiano yangu yafanyike hapo hapo, niandike mkutano wote kwa hati mkato kisha niwasomee, ili wakulima waone kwa macho yao namba moja anafanyaje kazi. Na tata alikuwepo, safu ya pili, amevaa koti lake la harusi za watu, kofia magotini.

Meza kuu walikaa watu watatu. Meneja, mtu wa Embu, mkimya, asiyejua Ekegusii, lugha yetu, na ndiyo sababu mkutano uliendeshwa kwa Kiswahili. Bwana Nyakundi. Na wa tatu, mwanakamati mwenye miwani, anaisoma karatasi yangu polepole, ananitazama, anairudia karatasi. Mwalimu Mogaka. Nilingoja aseme. Hakusema. Aliiweka karatasi chini, akaikunja mikono, na mimi nikabaki najiuliza (hata katika hali ile udadisi haukuniacha) kama amenisahau au ananingoja.

Mkutano ukaanza, na niwaambie, kwa nusu saa nilisahau kila kitu. Wakulima walilalamika kuhusu lori. Lori linachelewa kufika kituoni, majani yananyauka juani, halafu karani wa kupokea anayakataa. Mzee mmoja akasema, "Hii lori ni ya nani, ni ya kuchukua majani ama ni ya kutembelea wasichana?" Nami nikanasa, yote, mpaka pale mtu akikasirika akiteleza kuingia Ekegusii nilinasa vilevile, maana sauti ni sauti. Hakuna aliyenifundisha kuandika Kiswahili kwa hati mkato, achilia mbali lugha ya nyumbani, na kumbe inaandikika. Penseli ilikuwa inakimbia na mimi nilikuwa karibu kufurahi.

Hapo Bwana Nyakundi akasimama. "Wakulima, huyu mnayemwona anaandika ndiye namba moja wa wilaya." Makofi. "Kuna swali lolote kabla hajatusomea?"

Tata akasimama.

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akizungumza Kiswahili mbele ya watu. Alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, cha kununulia chumvi. Akashika kofia kwa mikono miwili. "Mimi ni baba ya huyu," akasema. "Sina swali ya chai. Mimi nataka tu yeye aambie watu, aliacha nyuma watu wangapi. Mimi nimeuliza yeye nyumbani, akaona haya kusema."

Penseli yangu iliandika hayo nayo. Sikuiambia, mkono ulikuwa umeshazoea. Halafu nikainua macho. Mwalimu Mogaka alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa kitambaa, hanitazami. Nilielewa kwamba hatanisaidia na wala hatanichoma, ameniachia mwenyewe. Neno arobaini lilinijia mdomoni, wallahi, maana viti vilikuwa arobaini, na nani angehesabu? Kisha nikamwona tata, alivyosimama akingoja, sikio ameligeuza kidogo upande wangu asikose hiyo namba.

"Hakuna, tata," nikasema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna niliyemwacha nyuma. Nilikuwa peke yangu."

Kwanza hawakuelewa. Kisha mama mmoja nyuma kabisa akaelewa, akacheka kwa sauti nyembamba, na kicheko kikaanza kushuka safu kwa safu mpaka mbele. Mzee wa lori akasema, "Hata mimi nikiwa peke yangu, kwa uzuri ni namba moja," na hapo mabenchi yakatikisika. Bwana Nyakundi akainua mikono akajaribu kuniokoa, akasema lakini jamani namba moja ni namba moja, na kila alivyoniokoa walizidi kucheka. Tata alikuwa bado amesimama. Aliivaa kofia, akaivua, akakaa. Nilitamani ardhi ya kile kiwanda inifungukie niingie.

Meneja hakucheka. Aligonga meza kwa kalamu akaniambia neno moja, "Soma."

Nikasoma. Nilianzia mwanzo, nikafika kwenye lori, na watu wakaanza kunyamaza. Sijui kama mmewahi kusomewa maneno yenu wenyewe jinsi mlivyoyasema, bila kupunguzwa. Kila mtu aliyesema alikuwa anasikia maneno yake yakirudi na kigugumizi chake, na mmoja akamwambia jirani yake, "Eeh, hivyo hivyo nilisema." Hata lile la wasichana nililisoma, na dereva wa lori, ambaye kumbe alikuwepo, akaangalia pembeni.

Kisha nikafika kwa tata. Ningeweza kuruka. Hakuna hata mmoja pale ambaye angejua, labda Mwalimu, na sina hakika kama naye angeweza kuisoma ile mikwaruzo. Kufunua ukurasa ni kitu cha dakika moja. Lakini nilikuwa nimeshapanda jukwaa moja kwa kuacha kitu bila kukiandika, na nilikuwa nimeona mwisho wake. Nikasoma. Mimi ni baba ya huyu. Sina swali ya chai. Nikasoma lote, aliacha nyuma watu wangapi, akaona haya kusema, jibu hakuna, jibu nilikuwa peke yangu. Na kwa kuwa penseli haikuwa imesimama hata wakati wa kicheko, nikasoma na la yule mzee kuhusu uzuri. Walicheka tena, ila kidogo, na wengine walikuwa wanamtazama tata.

Meneja akamgeukia Mwalimu Mogaka. "Huyu alifaulu kweli?"

"Nilimsimamia mimi," Mwalimu akasema. "Mvua ilikuwa inapiga mabati hata mimi mwenyewe sijisikii. Kufaulu alifaulu. Hiyo namba ndiyo sijui aliipata wapi."

"Kwa Bwana Salim," nikasema, kwa sauti ndogo, na sijui kwa nini nilisema hivyo.

Meneja akachukua kalamu nyekundu, akaongeza kitu kwenye wasifu wangu, akanigeuzia nikione. Pale nilipoacha wazi alikuwa ameandika kati ya 1. "Hii inabaki kwenye faili lako," akasema. "Utaanza Jumatatu, miezi mitatu ya majaribio." Sikujua nimshukuru au nilie, nikafanya vyote viwili.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, tata mbele na mimi nyuma, kama kawaida. Tulivuka mto tukaanza kupanda. Mimi nilikuwa natazama mgongo wa lile koti nikijiuliza atalivaa tena lini, na wapi. Kisha akauliza bila kugeuka.

"Hao wengine walikuwa wapi?"

"Walifanya ule rahisi, asubuhi. Huo mgumu hawakujiandikisha."

"Kwa nini?"

"Waliogopa, tata."

Tukapanda kidogo. "Na wewe hukuogopa?"

"Niliogopa sana."

"Na ukaingia."

"Nikaingia."

Akasimama, akageuka, na uso wake haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu. "Sasa kwa nini hukuniambia hiyo?" akasema. "Hiyo ningeenda mpaka Marani kuwaambia."

Nilikaa kwenye kiwanda kile zaidi ya miaka ishirini, na mpaka nilipostaafu ile karatasi yenye wino mwekundu ilikuwa kwenye faili langu. Watoto wa wakulima walikuwa wakiniletea wasifu wao niwapigie, wananitajia namba zao kwa kiburi au kwa aibu, nami kabla sijagusa taipu ninawauliza kwanza, kati ya wangapi? Na wasipojua, siandiki, waende wakaulize shuleni. Wananiona mama mkorofi. Sawa. Mimi niliulizwa mara moja, mbele ya watu, na mtu aliyevaa koti lake bora kwa ajili yangu, na sitaki mtoto wa mtu mwingine aulizwe hivyo.